Shamba la marehemu baba limechoka: ning'oe visiki nilime kwa trekta?

Karudi_Mvumi: Wakuu, habari za kazi. Nimerudi nyumbani Mvumi, Dodoma, na mke na watoto watatu baada ya miaka 11 Dar. Marehemu baba alituachia ekari nne. Udongo ni mwekundu wa kichanga, umelimwa mahindi mfululizo tangu niko shule ya msingi, na mabua huchomwa kila mwaka. Msimu uliopita ekari zote nne zilitoa magunia mawili. Mvua ikinyesha nusu saa, maji yanashuka mekundu hadi korongoni, kesho yake ukifukua kidogo tu unakuta vumbi.

Nimesoma habari za pemakalcha, miti, mazao na mifugo kutunzana shamba moja, nikavutika sana. Bajeti ni laki sita. Nimeshapatana na mwenye trekta, na vijana wawili wanakuja wiki ijayo kung'oa visiki ili jembe lipite. Niko sahihi? Mama yangu anakula humo humo, sitaki kukosea.

Mama_Uwele: Kaka, pole kwa kufiwa. Leo hii wapigie hao vijana wasing'oe kitu! Hivyo visiki vina mizizi hai ambayo mche wa kununua utahangaika miaka kuipata. Kwenye kila kisiki chagua machipukizi matatu manyoofu, mengine kata, pogoa matawi ya chini, kisha funga kitambaa ili mpita njia ajue yana mwenyewe. Njia hiyo ndiyo inaitwa kisiki hai. Nilianza na visiki 30, mwaka wa tatu nikaacha kununua kuni. Ukibahatika kupata mti wa mkababu, utunze kama mtoto: hupukutisha majani wakati wa mvua, kwa hiyo mtama hauukosi mwanga, na majani yanabaki kuwa mbolea.

Jembe_la_Mkono: Trekta pia achana nalo mkuu, ukiutifua udongo huo mvua ya kwanza inaondoka nao. Chimba mashimo ya Chololo, yameanzia hapa hapa Dodoma kijiji cha Chololo. Upana sentimita 22, kina 30, shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90, mistari ikikinga mteremko. Tia majivu kidogo ya kufukuza mchwa, mabaki ya mazao, samadi, kisha rudishia udongo kiasi, unaobaki uwe tuta dogo pembeni ya shimo. Ekari moja inameza mashimo kama 7,500, kwa hiyo mwaka huu fanya nusu ekari tu. Vijana ulionao walipe kwa kazi hiyo, sasa hivi kabla ya Desemba. Na panda mtama au uwele, mahindi yatakutesa.

Karudi_Mvumi: Asanteni mno. Shida ni mabua. Baba mdogo ana ng'ombe 20, na desturi ni kwamba tukishavuna wanaingia. Nitafunikaje udongo?

Mzee_wa_Kondoa: Mwanangu, hapo ndipo penye kazi. Kwetu mmomonyoko ulifika mahali serikali ikaondoa mifugo yote mwaka 1979. Majani yalirudi, lakini watu waliumia. Usifike huko na ndugu yako. Usipande hata mnyaa mmoja wa ua kabla hujakaa naye. Nenda jioni, na mama yako awepo. Mwombe akuachie ekari moja tu, mabua ya zile tatu achunge kama zamani, na wewe uchote samadi zizini kwake. Akikubali, ndipo upande minyaa kuzunguka hiyo moja.

Karudi_Mvumi: Shikamoo mzee. Nimekwenda jana na mama. Ekari ya juu kakubali, samadi nichote nitakavyo. Vijana wameanza mashimo leo. Mke anauliza, katikati ya mashimo aweke kunde au mlenda?

Mama_Uwele: Aweke kunde. Mlenda utaota wenyewe, wakati wa palizi asiung'oe wote.