Tupeane uzoefu: nani amewahi kupika paja la nguruwe kwa bia? Mimi hamu imenitoka

Baba Mapacha
Wakuu, za sikukuu. Nina jambo la juzi linaniwasha, acha nilitoe.

Kuna mzungu tunafanya naye kazi anarudi kwao Ulaya, akagawa vilivyokuwa kwenye friza lake. Wenzangu wakapata jibini na siagi, mimi nikapewa paja la nguruwe, kilo tatu na nusu, rangi ya waridi, limefungwa nailoni ngumu. Wao wanaita ham. Nikasema leo hamu yangu na ham yao zimekutana. Nilishasikia kwao hulipika kwa bia, nikaona hiyo siyo kazi, bia naijua na mdudu namjua.

Nikaliosha kwa ndimu kama ninavyoosha kitimoto siku zote. Nikapaka tangawizi na saumu. Nikatia chumvi vijiko viwili vya chakula, na hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Nikamimina bia nyeusi chupa mbili, nikafunika, moto mkali. Haikufika dakika kumi povu limeinua mfuniko, limemwagika, jiko la gesi likazima. Nikafuta, nikawasha tena. Baada ya saa mbili mchuzi umebaki mweusi mzito kama oili chafu. Nikakata kipande, nikaonja.

Wakuu, ile siyo nyama, ile ni Bahari ya Hindi imeganda. Na nyuma ya chumvi kuna uchungu, kama umetafuna klorokwini. Shemeji zangu wanne wameshakaa sebuleni, wameshanawa mikono. Mmoja alikula vipande viwili bila kusema neno, akaomba maji. Akaomba tena. Kwenye jagi la tatu mke wangu akachukua pochi, akaenda kununua chipsi mayai.

Nilikosea wapi? Na nimebakiwa na mfupa wenye nyama nyama, natupa au?

Kadoda
Klorokwini 😂😂 umenikumbusha mbali.

Mkaanga Kavu
Mkuu, hukukosea sehemu moja, umekosea zote. Nina miaka tisa nakaanga kitimoto baa, nisikilize.

Hiyo ham ilishalazwa kwenye chumvi wiki nyingi kabla hujaiona. Inatakiwa ilowekwe kwenye maji usiku kucha, asubuhi unamwaga, unachemsha na maji mapya. Wewe ukaongeza vijiko viwili, halafu ukakausha. Maji yanaondoka, chumvi haina pa kwenda.

Bia nayo siyo maji. Ule uchungu wake ukiukausha unakuwa mkali zaidi, na nyeusi ndiyo balaa. Mimi kitimoto nakichemsha na chumvi kidogo na tangawizi, maji yakiisha kinajikaanga kwa mafuta yake chenyewe hadi ngozi ilie. Mteja akitaka rosti, natia vitunguu na nyanya, halafu mwisho kabisa bia nyeupe, robo chupa, ili kung'oa yale yaliyoshika chini ya sufuria. Kazi ya bia imeishia hapo. Tena tumia bia ya moto, ifungue mapema gesi itoke. Bia ya baridi kwenye mafuta yanayochemka utapoteza nyusi.

Kadoda
Robo chupa inaingia kwenye sufuria, robo tatu inaenda wapi?

Mkaanga Kavu
Kwa mpishi. Swali gani hilo.

Mtu wa Rombo
Nyie mnahangaika na bia za chupa. Kwetu machicha ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, anapewa nguruwe mwenyewe akiwa bandani. Mpaka tunamchinja Desemba ameshajikoleza kutoka ndani.

Mama Ushauri
Mimi nauliza kitu kimoja tu. Hiyo nyama iliyopikwa kwa bia, watoto wanakula? Maana nimesoma hapa watu mmekaa kimya kabisa kuhusu hilo.

Jobu wa Kona
Pombe ikipata moto inaisha yote. Watoto wale tu.

Dada wa Baridi
Haiishi yote, tuache kudanganyana. Idara ya kilimo ya Marekani ina jedwali lake: chakula kilichochanganywa na pombe kikitokota dakika 15 inabaki kama asilimia 40, nusu saa 35, saa nzima 25. Mpaka saa mbili na nusu ndiyo inashuka hadi asilimia 5. Sasa wewe unayemimina bia mwishoni halafu unaipua baada ya dakika tano, piga hesabu.

Jobu wa Kona
Asilimia 40 ya robo chupa ya bia, ambayo yenyewe ni asilimia 5 kitu hicho, ugawanye kwa sahani sita. Mtoto atalewa hiyo au atalewa soda?

Mama Ushauri
Sijasema atalewa. Nimesema nijue ninachomlisha. Kuna wengine humu ni Walokole, wengine walishaacha pombe kwa shida na ile ladha tu inawarudisha. Unaambiwa ina bia, unachagua mwenyewe. Kwani kusema kuna gharama gani?

Jobu wa Kona
Haya mama, yaishe.

Dada wa Baridi
Nirudi kwenye mada, maana nimejibu kwa hasira kidogo. Niko Minnesota mwaka wa kumi na moja, ham nimepika Krismasi karibu zote. Nyingi za madukani huku zimeshaiva tangu kiwandani, wewe unapasha tu. Soma karatasi yake. Mwaka wa kwanza mimi sikusoma, nikaichemsha saa nne nikijua ni mbichi, ikatoka nyuzi nyuzi kama katani.

Sasa hivi nafanya hivi. Nachanja mafuta ya juu kwa kisu, mistari ya kukatizana, kila kwenye kijumba nachomeka karafuu moja. Nailaza kwenye trei na kikombe cha bia nyeupe chini, nafunika kwa foili, oveni moto wa wastani. Kama nusu saa kabla haijatoka, nafunua na kuipaka sukari ya kahawia iliyokorogwa na haradali na vijiko vichache vya bia. Ule uso unakuwa kama kioo. Chumvi yake, utamu wa sukari na uchungu kidogo wa bia vinasukumana mdomoni.

Karafuu nabeba kutoka nyumbani kila nikija. Mara ya mwisho afisa wa uwanja wa ndege alinusa mfuko, akafumba macho, akanirudishia.

Kadoda
Karafuu ya Pemba kwenye paja la nguruwe. Haya.

Wa Kawangware
Sisi huku Nairobi hatuna stress hizo. Pork inakatwa, inakaangwa kavu, ugali, kachumbari, bia iko kwa glasi mahali pake. Kupika na bia ni kuharibu vitu viwili kwa mpigo.

Mpangaji Mstaafu
Baba Mapacha, umenitonesha. Mimi niliapa hili sitalisema, lakini miaka imepita.

Mwaka 2016, nimepanga Mbagala. Vyumba sita, choo kimoja, kila mtu na jiko lake la mkaa mlangoni. Nilikuwa bachela, sufuria yangu kubwa kuliko zote inatosha mayai manne. Krismasi nikaalika washkaji watano, nikanunua mguu wa mdudu kilo nne, nikaubeba kwenye rambo mbili, moja ndani ya nyingine, nyeusi, ili mtu asijue. Nyumba nzima ni Waislamu kasoro mimi na fundi wa chumba cha mwisho.

Sufuria sina. Chumba cha tatu kuna mama mmoja anauza maandazi, ana sufuria kubwa. Nikaenda nikamwambia, "Mama, naomba sufuria nichemshie nyama." Akanipa, na mfuniko, na akaniambia jiko langu lina mkaa mdogo, akaniongezea wa kwake. Sikudanganya. Nilisema nyama.

Nikafunga mlango, jiko nimeliingiza ndani kwenye joto lile la Desemba. Nikapika kwa bia kwa sababu mshkaji mmoja aliniambia bia inaua harufu. Uongo. Bia ilifura, ikamwagikia mkaa, moshi mtamu ule ukapita chini ya mlango, ukaenda uani. Saumu, tangawizi, bia iliyoungua. Harufu ilikuwa nzuri, hilo nakiri.

Nasikia hodi. Nafungua, mtoto wake wa kike, miaka kama saba, ana bakuli mkononi. "Mama anasema inanukia vizuri, anaomba mchuzi kidogo."

Kadoda
Wewe. WEWE.

Mtu wa Rombo
Nimevuta kigoda. Malizia mzee.

Jobu wa Kona
Chai hii. Mtu apike mdudu ndani ya nyumba ya watu wa aina hiyo wasijue harufu yake?

Mpangaji Mstaafu
Jobu, mtu ambaye hajawahi kumpika ataijuaje harufu yake? Tulia.

Nikasimama pale na yule mtoto na bakuli lake. Nikifikiria nimtie mchuzi, mkono haukuinuka. Nikifikiria nimwambie umeisha, sufuria inatokota nyuma yangu anaiona. Nikapata njia ya kioga: "Mwambie mama hii ina bia." Nikajua hapo patakuwa pameishia.

Mtoto hakwenda kusema. Aligeuka tu palepale akapaza sauti uani, "Mamaaa! Anasema ina bia!"

Uani kukawa kimya. Mama akaja mwenyewe, mikono ina unga. "Bia? Kwenye sufuria yangu?" Akaingia, akafunua mfuniko. Juu kabisa, wakuu, ilikuwa kwato. Imeelekea mlangoni. Akaitazama, akanitazama. "Nyama gani hii, mwanangu?" Nikasema.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alikaa juu ya ndoo yangu ya maji, akanyamaza kidogo, akasema, "Ungesema tu. Ungesema, nisingekupa, ungeninunia siku mbili, yangekwisha." Kisha akauliza kesho asubuhi atapikia nini maandazi.

Washkaji walikuja wakala. Mimi haikupita.

Mama Ushauri
Nilivyosema mimi kuhusu kusema, nilionekana mnoko.

Binti Mwambao
Mimi ni Mwislamu na nimesoma yote. Sina hasira, ila umeniumiza kwa huyo mama. Sisi Washafi, yaani wa madhehebu ya Imamu Shafi, chombo kikiguswa na nguruwe tunaosha mara saba, moja ni kwa udongo. Kwa hiyo sufuria ingetakata. Lakini sufuria mtu huiosha, je, aliyekupa mkaa wake?

Jobu wa Kona
Mara saba ni ya mbwa, siyo ya nguruwe. Kuosha kawaida kunatosha.

Binti Mwambao
Wapo wanazuoni wanaosema hivyo pia, najua. Nimesema sisi Washafi. Na wewe Jobu kila mada una jibu, pombe jibu, fiqhi jibu.

Kadoda
Jobu leo kapatikana.

Bwana Mifugo
Naomba nipite na la kwangu, maana kuna mtu ataondoka humu akidhani bia inaua kila kitu. Bia haiui tegu. Chumvi na moshi wa jikoni usivitegemee. Nyama ya nguruwe ukiona vilengelenge vyeupe ndani ya msuli, kama punje za mchele uliochemka, hiyo usipike kwa chochote. Nunua iliyopigwa muhuri wa mkaguzi, ipike mpaka ndani.

Na kifafa kile cha tegu hakitoki moja kwa moja kwenye kipande cha kitimoto kama mnavyoambiana baa. Nyama yenye tegu isiyoiva inakupa mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo huo yanatoka kwenye kinyesi cha mtu, na yakiingia mdomoni, kwa kachumbari isiyooshwa au mikono ya mpishi, ndiyo yanayoweza kufika kwenye ubongo. Kwa hiyo choo na sabuni.

Dada wa Baridi
Huku kipande kizima kibichi wanasema nyuzi joto 63 katikati, halafu ukipumzishe dakika 3. Kipimajoto ni bei ya bia chache tu.

Mkaanga Kavu
Nyuzi 63 si bado kina pinki? Mteja wangu atanirudishia na sahani. Mimi nakaanga mpaka nikikigonga kinalia.

Bwana Mifugo
Kwa nguruwe wa kuzurura mitaani, niko na Mkaanga Kavu.

Wa Kawangware
Na ile sufuria sasa? Mbona mnapita tu?

Mpangaji Mstaafu
Kesho yake tarehe 26 nilidamka, nikaenda Kariakoo. Nikanunua mpya, nzito, imezidi ile ya zamani kwa namba mbili. Nikampelekea pamoja na hela ya maandazi ya siku ile. Sufuria alipokea. Hela alihesabu, akarudisha nusu, akasema mapato yake ya siku hayafiki huko.

Tukaishi. Salamu zipo, ila mkaa ukiisha nilikuwa naomba kwa fundi. Mpaka Idd ya mwaka uliofuata, jioni, hodi. Mtoto yuleyule, kashika kopo la plastiki lile la siagi, limejaa pilau na nyama juu. Akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema kama alivyofundishwa: "Mama anasema Idd njema. Na kopo usirudishe."

Kadoda
KOPO USIRUDISHE 😂😂😂 nimelia.

Binti Mwambao
Huyo mama nampenda bila kumjua.

Mtu wa Rombo
Sufuria ya zamani unayo?

Mpangaji Mstaafu
Ninayo. Ndiyo ya mdudu hadi leo. Haijawahi kuazimwa na mtu.

Baba Mapacha
Wakuu, uzi ni wangu, naulizia mfupa wangu.

Mkaanga Kavu
Loweka mfupa usiku, mwaga maji, pikia maharage. Chumvi usiguse, hata punje.

Dada wa Baridi
Na bia usitie.

Mtu wa Rombo
Tia kidogo.

Baba Mapacha
Maharage yameshaingia kwenye maji, mfupa kwenye beseni lake. Bia iliyobaki ni moja, hiyo naimalizia kibarazani. Shemeji wamepiga simu wanakuja Jumapili, wameuliza kwanza kinapikwa nini.