Je, ninaruhusiwa kusambaza ramani iliyochanganya data za vyanzo tofauti?

Swali: Ndugu zangu, ninatayarisha ramani ya visima kwa kutumia barabara za OpenStreetMap (ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea), picha za setilaiti za Landsat na orodha ya visima niliyopewa na shirika moja bila masharti yoyote ya maandishi. Je, ninaweza kuichapisha na kuwagawia wengine data zake?

Jibu la kwanza: Landsat haina tatizo, kwani tangu 2008 picha zake hutolewa bure. OpenStreetMap, ambayo tangu Septemba 2012 iko chini ya ODbL, yaani leseni ya hifadhidata huria, inakutaka uitaje kuwa chanzo. Tena ukiunganisha visima na barabara zake kuwa hifadhidata moja na kuisambaza, hifadhidata hiyo nayo utaitoa kwa leseni hiyohiyo. Ramani iliyochapwa kama picha tu haifungwi na sharti hilo la pili, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa.

Jibu la pili: Kinachonitia wasiwasi ni ile orodha, kwa kuwa kukosekana kwa masharti si ruhusa. Nchini Marekani, kwa hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Feist ya 1991, taarifa za hakika peke yake hazina hakimiliki, lakini Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 1996, humlinda kwa miaka 15 aliyegharimika kukusanya hifadhidata. Omba ruhusa ya maandishi inayotaja wazi haki ya kusambaza.

Jibu la tatu: Kagua pia safu za jedwali lenyewe la visima. Kama kando ya latitudo na longitudo kuna jina la mwenye kisima na namba yake ya simu, ziondoe kwanza, maana leseni ya data si idhini ya mhusika.