Kuuza bastola ya Ruger Blackhawk ya zamani, ya skrubu 3 ubavuni

Swali: Nauza Blackhawk ya 1968, ya risasi za .357, hapa Marekani. Niing'arishe kwanza? Mnunuzi yuko jimbo jingine.

Jibu 1: Usiiguse! Wakusanyaji hulipia rangi ya kiwandani hata ikichakaa. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, basi.

Jibu 2: Je, kiwanda kilishaibadilishia mitambo ya ndani kwa usalama? Kama ndiyo, tafuta vile vipande vya awali. Visipokuwepo bei hushuka. Kama bado, mwambie mnunuzi apakie risasi 5 tu, nyundo ikae juu ya tundu tupu. Zikiwa 6, ikianguka inaweza kufyatuka.

Jibu 3: Kumtumia mnunuzi wa jimbo jingine bastola moja kwa moja ni kosa la jinai. Ipitishe kwa muuzaji silaha mwenye leseni ya shirikisho huko kwake.