Naomba ushauri: spika za Altec na mvumo wa amplifaya ya lampi

Ndugu na dada wapendwa, niko Bukavu, naomba msaada wenu. Baba aliniachia spika mbili za Altec 604E, omu 16 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Wati moja tu inajaza sebule. Nimezifunga kwenye amplifaya ya lampi (vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti), nne za aina ya EL84, ila ina matundu ya spika ya omu 4 na 8 peke yake. Rumba inatoka tamu, gitaa kama liko chumbani! Shida ni mvumo. Hata nikishusha sauti hadi sifuri na kuchomoa pikapu ya kupigia santuri, unabaki. Nimebadilisha lampi, wapi. Kwa spika zangu ndogo hausikiki kabisa.

Je, omu 16 kwenye tundu la 8 inaweza kuharibu transfoma? Na mvumo, nianzie kwenye kapasita za kuchuja umeme au nyaya za kupasha lampi?