Ushauri wakuu: nizime sabufa kwenye banda langu la gemu au niiache?

Kijana wa Chikongola: Wakuu, kichwa kinaniuma. Nina banda la gemu hapa Mtwara mjini, PS mbili, mechi jero. Wiki hii napiga singeli kwa sauti ya juu. Banda linajaa, watu wanashangilia mpaka barabarani, ila wachezaji wazuri wananuna. Jana mmoja asiyefungwa hovyo kala tano. Kila akiingia kwenye boksi anawahi kupiga, anapaisha. Akaweka pedi chini: "Zima kwanza hiyo ngoma." Jumamosi tuna ligi. Nifanyeje?

Mama Wawili: Watoto wa shule wanatoka hapo saa ngapi? Anza na hilo.

Fundi Redio: Muziki unamwendesha mchezaji. Gemu ya Space Invaders ya Wajapani, 1978, ilikuwa na noti nne tu zinazojirudia. Adui wakipungua zinaenda mbio, na mkono wako unaanza kukimbia nao. Sasa wewe umeweka singeli, na maneno juu! Halafu mchezaji mzuri anacheza na masikio pia, kipenga na mpira anavisikia. Umemziba. Mechi ikianza weka ala tupu, chini. Singeli iwe ya mapumziko, maana watazamaji ndio wanaoitaka.

Nahodha Mikindani: Marehemu babu alicheza bao na taarabu redioni. Mkono unabaki juu ya shimo, kete zimo kiganjani, anasubiri ubeti uishe ndipo asambaze. Redio ikizimwa anakosea hesabu. Inategemea mtu na mazoea yake.

Mchecheto: Mwezi uliopita ulilia humu huna hela ya pedi. Sabufa umeitoa wapi?

Kijana wa Chikongola: Nimenunua. Turudi kwenye muziki.

Mchecheto: Kwa hela gani?

Kijana wa Chikongola: Haya. Ni hela ya mama ya salfa, dawa ya kupuliza mikorosho. Ana mikorosho Newala, alinituma nimnunulie. Lakini maua bado, na ligi ikijaa nairudisha yote kabla hajaanza kupuliza. Ndiyo maana siwezi kuizima tu hivi hivi.

Mama Wawili: Kumbe! Ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, haumsubiri mtu. Mwaka mmoja nilichelewa kupuliza, maua yakawa meupe kama yamemwagiwa unga wa muhogo, yakakauka. Nilivuna gunia moja shamba zima.

Mzee wa Tandahimba: Hii chai. Mama, salfa, ligi Jumamosi, vyote kwa mtu mmoja? Weka picha ya hiyo sabufa.

Kijana wa Chikongola: Siweki, mama ana ndugu humu. Leo mchana nimezima kabisa. Yule kijana kashinda tatu bila, katulia kama yuko msikitini. Ila kwenye benchi walibaki watu wawili.

Mzee wa Tandahimba: Chai ya tangawizi.

Fundi Redio: Mimi namwamini. Mtunzi angejaza benchi.

Mama Wawili: Mwanangu, mama umempigia?

Kijana wa Chikongola: Bado.