Dekki ya mtumba au kisomeo kipya cha USB? Kaseti za zamani za Mombasa

KibaoChaMvita
Asalam aleikum na hamjambo wote. Nataka ushauri kabla mwezi haujaisha. Kuna dekki ya kaseti, Technics ya mtumba, nimeiona Mwembe Tayari. Mwenyewe ataka elfu 12 na hashuki. Upande wa pili kuna vile visomeo vidogo vya USB, vipya, vinauzwa mtandaoni elfu 3 na kitu. Nia yangu ni kuzitoa nyimbo kwenye kaseti za marehemu baba, nizitie kwenye kompyuta, kisha kila Ijumaa niweke mbili tatu kwenye chaneli yangu ya Telegram. Wanaonifuata wengi ni watu wa pwani walioko Ghuba na Uingereza, na kila nikiwaandikia habari za wimbo wa zamani wananiuliza, "Wimbo wenyewe uko wapi?" Ninunue kipi?

FundiTudor
Waalaikum salaam. Ndugu yangu, umeuliza kipi ununue na hujatwambia kitu. Kaseti ni ngapi? Za dukani zenye karatasi yake, au zilizorekodiwa nyumbani? Zimekaa wapi miaka yote hii? Na kompyuta yako ina tundu la kuingiza sauti au la maiki peke yake? Bila hayo hatuwezi kukujibu.

BintiMajengo
Chukua hicho kidogo, kaka, usijitie gharama. Mimi ninacho, nimetoa kaseti za muziki wa bango za mamangu zote na zinasikika. Watu wa Telegram wanasikilizia simuni, nani atajua tofauti? Elfu 8 na kitu inayobaki nunua fleshi kubwa uhifadhi.

Nahodha_Mstaafu
Mimi naona hata hicho kidogo si lazima. Nyimbo nyingi mnazozitafuta zishatolewa upya na zinasikika vizuri kuliko kaseti yoyote ya nyumbani. Kuna ile albamu ya Zanzibara ya 2, iliyotolewa na Buda Musique ya Ufaransa 2005, yote ni taarabu ya Mombasa ya kati ya 1965 na 1975. Zuhura Swaleh yumo, Matano Juma yumo, Maulidi Juma yumo. Imetoka kwenye rekodi za Mbwana Radio Service, duka la hapa hapa kwetu. Spotify ipo Kenya tangu 2021. Tengeneza orodha, watumie kiungo, umemaliza.

KibaoChaMvita
Ahsanteni. @FundiTudor kaseti zakaribia mia. Thuluthi hivi ni za dukani: Them Mushrooms, Mombasa Roots, Simba Wanyika, Les Wanyika, na Boney M kadhaa. Zilizobaki baba alirekodi mwenyewe, nyengine redioni enzi za Sauti ya Kenya, nyengine arusini. Zilikuwa kwenye sanduku la bati chumba cha juu, Kibokoni. Kompyuta ina tundu moja tu.

@Nahodha_Mstaafu mzee wangu, hiyo Zanzibara ninayo na naipenda mno. Lakini taarabu ya arusini haimo. Zein l'Abdin akipiga udi mbele ya watu, mtu akatoka kwenda kumtunza, wimbo wa dakika tano ukawa wa robo saa, hiyo Spotify hawana.

FundiTudor
Sasa tunaongea. Mambo manne, na tafadhali yasome kabla ya kutoa pesa.

La kwanza, hilo tundu moja. Kwenye kompyuta nyingi za kupakata ni la maiki: ni mono, na linaikuza sauti mpaka ikwaruze. Kwa hivyo ukinunua dekki, utahitaji pia kadi ya sauti ya nje ya USB yenye matundu mawili, la waya nyekundu na la nyeupe. Itie kwenye hesabu yako.

La pili, kabla hujatia kaseti yoyote kwenye mashine yoyote, vunja vile vijino viwili vya juu mgongoni. Vikishavunjika, mashine haiwezi kurekodi juu yake. Kaseti za dukani huja bila vijino, za baba bila shaka zinavyo vyote.

La tatu, chumba cha juu Kibokoni ni joto na unyevu wa bahari. Toa kila kaseti kwenye kasha lake uitazame kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe kwenye mkanda, huo ni ukungu. Iweke mbali na usiipige, maana utauhamishia kwenye hedi, kile kichuma kinachosoma mkanda, na kutoka hapo kwenye kaseti zote zinazofuata. Tazama pia kile kisponji kilicho nyuma ya mkanda katikati. Gundi yake hukauka, kisponji huanguka, na sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Hapo mkanda ni mzima, unaubadilishia ganda tu. Na kaseti iliyolala miaka, ipeleke mpaka mwisho kisha irudishe, ndipo uipige.

La nne ndilo linalojibu swali lako. Hivyo visomeo vipya, karibu vyote ndani yake mna mtambo wa mtindo mmoja, wa rahisi. Spidi inayumba. Kwenye mazungumzo hutaijua, lakini kwenye sauti ndefu ya kodiani utaisikia inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Na tashkota je, kile chombo cha Kijapani chenye vitufe? Ile ndiyo sauti ya taarabu ya Mombasa, nyuzi za chuma zenye mlio mkali. Kisomeo cha elfu 3 kitaila yote ile ya juu. Kaseti ya arusi iko moja duniani. Dekki, bila kufikiri mara mbili.

BintiMajengo
Mbona zangu hazitetemeki?

FundiTudor
Dada, sisemi zako ni mbovu. Bango ina besi na ngoma mbele, huificha. Weka hapa kipande cha tarumbeta ya peke yake tukisikilize pamoja.

MamaKisauni
Naomba mnisikilize kidogo kwa sababu jambo hili limeniuma na sitaki limpate mtu mwengine.

Mume wangu aliacha kaseti za arusi yetu na za mikesha ya maulidi. Sikuwa na mashine, nikazipeleka duka moja mjini, sitalitaja, wanaohamisha kaseti na kanda za video. Nikaambiwa rudi baada ya wiki. Nikarudi, hazijaguswa. Nikarudi tena, kijana mwengine, hajui habari zangu. Mwisho nikapewa fleshi na mfuko wa kaseti. Nyumbani nikafungua: nyimbo zote zimebanwa kuwa MP3 ya chini kabisa, upande mmoja wa spika ndio unaolia. Kaseti nyengine imekwenda mbio, sauti ya kiume imekuwa ya mtoto. Hayo ningeyavumilia.

Kaseti ya arusi, upande wa pili, katikati ya beti ya wimbo aliokuwa akiimba marehemu shangazi yangu, muziki umekatika. Kimya. Kisha yaja sauti ya redio, tangazo la sabuni, na vijana wawili wanazungumza habari za mpira. Nikaitia kaseti yenyewe kwenye redio ya jirani nikidhani ni fleshi tu. Ni kaseti. Mtu alibonyeza kitufe cha kurekodi. Nilipokwenda kuwauliza waliniambia kaseti ilikuja hivyo. Shangazi yangu hakuwahi kurekodiwa mahala pengine popote. Beti mbili zilizobaki nazijua kwa kichwa na nimewaandikia wanangu, lakini sauti imekwenda.

Kwa hivyo mwanangu @KibaoChaMvita, ukinunua hii au ile ni hiari yako, lakini usizitoe nyumbani kwako. Na hayo ya vijino aliyoyasema Fundi, fanya leo usiku.

KibaoChaMvita
Pole sana mama, wallahi nimesikitika. Vijino nimeanza kuvunja sasa hivi.

Nahodha_Mstaafu
Pole dada yangu. Nimekuelewa, na nimeelewa pia kwa nini kijana hatosheki na orodha ya mtandaoni. Ila nina swali jengine. Hizo za dukani, Wanyika na Mushrooms, utaziweka Telegram kwa idhini ya nani? Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda rekodi miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Les Wanyika walijitenga na Simba Wanyika 1978, kwa hivyo hakuna hata rekodi yao moja iliyotoka ulinzini. Na utungo una miaka yake 50 baada ya mtunzi kufariki.

Mwanamuziki_Likoni
Afadhali mzee umelitaja. Juma Bhalo amefariki 2014, hesabu mwenyewe: 2064. Na mashairi mengi aliyoimba ni ya Ustadh Ahmad Nassir, kwa hivyo kuna haki ya mshairi pia juu yake. Watu wanaweka nyimbo hizi mtandaoni hata jina la mtunzi hawaandiki. Sisi tunaopiga vyombo tunaliona kila siku.

BintiMajengo
Na nyimbo ambazo mwenyewe hajulikani? Malaika, kwa mfano. Fadhili William alikuwa Mtaita, wetu wa Pwani, lakini Watanzania wanasema ni ya Adam Salim.

Mwanamuziki_Likoni
Fadhili ndiye aliyeirekodi akajulikana nayo. Hilo halina mjadala.

Tanga_Raha
Mjadala upo, ndugu. Kurekodi si kutunga. Adam Salim alidai kwamba wimbo ni wake. Na msisahau kwamba hata hao Wanyika mnaowaita wenu, ndugu Kinyonga, walitoka kwetu Tanga, wakapiga Arusha, ndipo wakaja Mombasa 1971.

Nahodha_Mstaafu
Tanga na Mombasa ni nyumba moja, usituletee mpaka hapa. Mimi niliwaona Wanyika wakipiga Mombasa kabla hawajakwenda Nairobi, na hakuna aliyewauliza kwao ni wapi. Watu walicheza mpaka alfajiri.

KijanaBamburi
Samahanini wakubwa, mimi ni mdogo kwenu. Nafuatilia chaneli ya @KibaoChaMvita na kilichonivuta ni kwamba huchanganya. Wiki moja Mombasa Roots, wiki ijayo Just a Band. Hao wa pili walijirekodia na kujitolea kazi zao wenyewe kuanzia 2008, bila kampuni kubwa nyuma yao, na mimi nilianza kupiga gita kwa sababu yao. Nikisikiliza chakacha ya disko ya Roots halafu wao, nasikia jinsi watu wa huku walivyokuwa wakichukua mtindo wa nje wakaugeuza wa kwao tangu zamani. Nisingelijua hilo kama asingeziweka jirani. Naomba usiache kuchanganya.

Mwanamuziki_Likoni
Hapo kijana amenena. Bhalo mwenyewe alichukua sauti za filamu za Kihindi akazitilia Kiswahili safi. Ule ndio ulikuwa muziki wa vijana wa Mombasa wakati wake.

Nahodha_Mstaafu
Bhalo ni taarabu. Usimuite mwanamuziki wa pop mbele yangu.

Mwanamuziki_Likoni
Mzee wangu, taarabu ndiyo iliyokuwa pop yetu. Ilipigwa hotelini, arusini, redioni, kila duka Kuze na Kibokoni. Kuiita hivyo si kuishusha.

FundiTudor
Turudi kwenye dekki. @KibaoChaMvita jambo moja la kuhesabu: kaseti ya dakika 60 huhamishwa kwa dakika 60, hakuna njia ya mkato ya maana. Kaseti mia ni saa mia, na za 90 zitaongeza. Tumia Audacity, ni ya bure. Hifadhi kwanza bila kubana, WAV. Dakika moja ya stirio ni kama MB 10, saa moja ni kama MB 600. Ukiigeuza FLAC inashuka karibu nusu bila kupoteza kitu. MP3 ni ya kutuma tu, usihifadhi hiyo peke yake. Ya Telegram itume kama faili, usiirekodi kama ujumbe wa sauti.

KibaoChaMvita
Ahsante sana, fundi. Nimeelewa. Kuhusu haki, nafikiri za dukani niwape watu kiungo cha rasmi kama kipo, niandike na majina ya watunzi na wapigaji, na zangu niweke zile za arusini. Lakini hata za arusini nimeanza kuwa na wasiwasi. Waimbaji wengine wako hai, na kuna sauti za wanawake waliokuwa ndani kwao wakiimba wenyewe kwa wenyewe.

MamaKisauni
Hizo usiziweke mwanangu. Arusi ya ndani ni ya ndani. Wape familia zenyewe, watakushukuru. Za wanaume jukwaani ni sawa.

BintiMajengo
Mimi sikubali kabisa mama. Nyimbo za wanawake ndizo zinazopotea haraka zaidi, kwa sababu hiyo hiyo. Aulize ruhusa, lakini asizifungie.

MamaKisauni
Kuuliza ruhusa sikukataa.

KibaoChaMvita
Nitaanza na familia ya mmoja, wako Mji wa Kale. Dekki naiendea Jumamosi, ikiwa bado ipo. Fundi, nikifika niangalie nini?

FundiTudor
Beba kaseti moja usiyoijali na moja ya dukani unayoijua vizuri. Ipige hiyo ya pili mpaka mwisho wa upande, usisikilize mwanzo tu, maana belti zilizolegea huchoka mkanda ukiwa mzito upande mmoja. Bonyeza kurudisha nyuma, isikwame. Fungua mlango uitazame hedi: ikiwa na mfereji uliochimbika, mwambie apunguze elfu 3 au uondoke. Spiriti na pamba beba mwenyewe. Jumamosi mchana niko Marikiti, nikijaliwa nitapita hapo.

Nahodha_Mstaafu
Na kwenye hizo kaseti mia, hakuna ya Matano Juma akiimba jukwaani? Nina mtu Maskati aniulizia kila Idi.

Tanga_Raha
Na santuri je, kuna anayejua wapi Mombasa nitapata sindano ya kinanda? Nina sahani za 45 za Jamhuri Jazz zimelala.