Naombeni ushauri: tunataka kuhamia shambani jirani na binti yetu baada ya kustaafu

Mwalimu Mstaafu

Habari zenu wote. Nina miaka 63 na nimeshastaafu. Mume wangu ana 67, naye anamaliza kazi mwaka huu. Watoto wetu wawili wako mbali na mji tunaoishi. Binti anaishi shambani na mumewe na watoto wao wawili. Kaka yake yuko mji mdogo, chini ya saa moja kwa gari kutoka hapo. Mkwe wetu, kijana muungwana sana, ametuambia tuchukue kipande upande wa juu wa shamba lake tujenge nyumba ndogo, tuzeekee karibu nao.

Mume wangu ameshakubali. Mimi pia nataka kwenda. Wajukuu nawapenda, na nyumba hii ya mjini imekuwa kubwa mno kwa watu wawili. Lakini kuna mambo yananikosesha usingizi. Ili tujenge itabidi tuuze nyumba hii, ambayo ndiyo mali yetu pekee ya maana. Mume wangu ana kisukari na anachoma insulini. Ninayeendesha gari ni mimi, maana macho yake yamepungua nguvu. Na marafiki niliozeeka nao wote wako huku.

Kuna jambo jingine ambalo nashindwa kulitamka nyumbani nisije nikaonekana simwamini mkwe. Ardhi ni yake. Nyumba itakuwa ya nani?

Waliopitia hili, au wenye wazazi waliopitia, nishaurini.

Mpima Mipaka

Shikamoo mama. Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu mengine yote yanarekebishika baadaye, hilo halirekebishiki kirahisi.

Katika sheria za nchi nyingi, kitu kilichojengwa kikashikamana na ardhi huhesabiwa ni sehemu ya ardhi. Ukijenga kwa fedha yako juu ya shamba la mkwe pasipo maandishi, kuna hatari kubwa nyumba ikahesabiwa ni ya mwenye shamba. Wala hapa hatuzungumzii uaminifu wake. Mkwe anaweza kuwa mwema mpaka mwisho wa maisha yake, lakini akitangulia yeye, shamba linaingia kwenye mirathi na wapo wengine wenye haki humo. Akiwa na mkopo na shamba limewekwa rehani, mkopo ukimshinda, mkopeshaji atauza na nyumba yenu ikiwa juu yake. Ndoa yao ikiyumba, mnagawanywa pamoja na mali.

Njia zipo. Iliyo bora ni kukimega kipande, kipimwe, kiwekewe alama za mipaka, kitoke na hati yenye majina yenu wawili. Pasipowezekana kumega (maeneo mengine sheria hairuhusu mashamba kukatwa vipande vidogo), fanyeni mkataba wa kupanga wa muda mrefu, mrefu kuliko umri mnaoutarajia, na usajiliwe. Sehemu nyingine inaruhusiwa kusajili haki ya mtu kuishi mahali maisha yake yote. Ninyi muwe na wakili wenu na mkwe awe na wake. Mtu mmoja hawezi kuwatetea wote.

Muulizeni pia kama shamba liko kwenye rehani leo. Likiwa liko, mkopeshaji lazima aridhie kabla halijamegwa. Halafu njia: kipande cha juu mtakifikia kwa kupita wapi? Kama ni katikati ya shamba lake, haki ya kupita iandikwe. Siku shamba likiuzwa kwa mgeni, mgeni anaweza kufunga geti.

Binti wa Pili

Mimi nipo upande wa mtoto. Wazazi wangu walihamia jirani nami walipostaafu, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Ila mama, naomba nikwambie kitu ambacho binti yako huenda asikwambie.

Mwezi wa kwanza ulikuwa sikukuu. Baadaye nikaanza kuona mama amekaa ananingoja. Nikirudi kazini nimechoka, najua kuna mtu hajazungumza na yeyote tangu asubuhi. Sikuwa na nguvu ya kuwa binti, mke, mama wa watoto na rafiki pekee wa mama yangu kwa pamoja. Nikawa naumia, naye anahisi anaumia peke yake. Hakuna aliyekosea hapo. Hatukuwa tumezungumza.

Kilichotusaidia ni mama kupata watu wake mwenyewe. Alijiunga na kikundi cha akina mama wa pale, akaanza kufundisha watoto wa majirani kusoma, na baada ya muda ikawa mimi ndiye namtafuta yeye. Kwa hiyo kabla hamjahama, jiulize utakuwa nani pale, mbali na kuwa bibi.

Na wajukuu: semeni mapema ni siku zipi mtakaa nao na siku zipi hapana. Kama hakuna makubaliano, inakuwa kila siku, na hakuna atakayeona ni mzigo mpaka mzee aanguke kwa uchovu. Wazazi wa miaka sitini na kitu wanaweza sana, lakini wanaweza kwa mapumziko.

Mzee wa Bustani

Msiuze nyumba. Ipangisheni, kodi iwe nyongeza ya pensheni, na huko nendeni mkapange kwanza. Mkae msimu wa mvua wote na msimu wa ukame wote. Mahali pa kutembelea wakati wa likizo na mahali pa kuishi ni pawili tofauti kabisa.

Nesi wa Zamu

Namuunga mkono mzee hapo juu, hasa kwenye mvua. Niliwahi kufanya kazi kwenye kituo cha vijijini na nitasema nilichokiona.

Umbali wa hospitali msiupime kwa kilomita. Pimeni kwa muda, usiku, barabara ikiwa imelowa, dereva akiwa ni mtu wa kuamshwa. Mtu akipata kiharusi kinachotokana na damu kuganda, dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ni hospitali yenye kipimo cha kichwa tu inayoweza kuitoa. Muda huo unaliwa na kumtambua mgonjwa, kutafuta gari, njia, foleni na kipimo chenyewe. Kisukari huongeza hatari ya kiharusi, ya moyo na ya figo. Figo zikichoka, mgonjwa wa kusafishwa damu huenda hospitali mara 3 kwa wiki, na kila mara hukaa kama saa 4 kwenye mashine. Sikutishi dada yangu. Nataka ujue ni hospitali ipi, iko wapi, na mtafikaje, kabla hujachagua rangi ya vigae.

Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishafunguliwa, nyingi hukaa nje ya friji kama wiki 4, mradi pasiwe na joto kali. Kwa hiyo umeme wa pale usiwe wa kubahatisha. Kama ni sola, fundi aipige hesabu friji ikiwaka usiku kucha baada ya siku kadhaa za mawingu.

Na hili la gari nimelisoma mara mbili. Unaendesha wewe peke yako. Ukiugua wewe je?

Mwalimu Mstaafu

Asanteni, nimesoma kila neno. Nesi, swali lako la mwisho limenikaa. Hatukuwahi kulizungumza. Tumezoea kumwona mgonjwa ni yeye.

Binti wa Pili, umenigusa. Nitamuuliza mwanangu waziwazi, tena yeye peke yake kwanza.

Mzee wa Bustani, mume wangu anasema kupanga ni kupoteza fedha na muda ambao hatuna wa ziada. Nimjibu vipi?

Mzee wa Bustani

Mwambie kodi ya msimu mmoja ni ndogo sana mbele ya bei ya nyumba isiyouzika. Nyumba ya mjini ikipata mteja, mnaondoka. Nyumba iliyojengwa ndani ya shamba la familia nyingine nani atainunua? Mkitaka kuondoka hapo mtaondoka na mabegi.

Jirani Mwema

Mimi kidogo natofautiana na mzee. Nyumba ya kupangisha mkiwa mbali ni kazi: mpangaji halipi, paa linavuja, na kila jambo linahitaji mtu wa kulifuatilia. Kwa watu wenye umri huu inaweza kuwa kero kuliko faida. Kama kuna ndugu anayeaminika wa kuisimamia, sawa. Kama hakuna, ningeiuza, lakini baada ya kupanga huko na kuona kwamba panafaa. Na sehemu ya fedha isiguswe na ujenzi kabisa, iwe ya matibabu na ya kurudi mjini ikibidi.

La pili. Mwenye shughuli pale ni binti yako na mumewe, na wote ni vijana. Kazi ikiwaita kwingine watakwenda, na ni haki yao. Mnaweza kuishi pale wao wakiwa hawapo? Mimi naona hili ndilo swali la kupimia kila kitu. Kama jibu ni hapana, mnahamia kwa watu, hamhamii mahali, na watu wanahama. Ingekuwa mimi, ningetazama pia ule mji mdogo aliko kijana wenu. Mngekuwa karibu na mtoto mmoja, chini ya saa moja kwa mwingine, na pengine karibu zaidi na hospitali, duka la dawa na usafiri wa umma siku ambayo hutaweza tena kuendesha.

Tena huyo kijana ameambiwa? Fedha yote ya wazazi ikizikwa kwenye ardhi ya shemeji yake bila yeye kujua, ugomvi wa baadaye ninyi hamtakuwepo kuutuliza. Aelezwe mkiwa hai, na wosia uandikwe.

Fundi Paa

Wengi wamegusa karatasi, mimi niseme maji.

Kipande cha upande wa juu mara nyingi kina mandhari nzuri na hakina maji. Uliza kisima kiko wapi na nani analipa umeme wa pampu. Maji ya paa yanasaidia sana na hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 120, mahali penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka, linapokea lita 96,000. Toa kama sehemu moja ya tano inayopotea, mnabaki na takribani 77,000. Watu wawili wakitumia lita 70 kila mmoja kwa siku, mwaka mzima ni kama lita 51,000. Inatosha kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba mvua haigawanyi mwaka sawasawa. Ukame wa siku 120 unataka akiba ya karibu lita 17,000 siku mvua inapokatika. Wengi hununua tenki dogo, kisha hununua maji ya gari.

Choo na shimo la maji taka visikae upande wa juu wa kisima. Mita 30 ndiyo nafasi inayoshauriwa sana, na kama kisima cha binti yako kiko chini ya mteremko wenu, hilo linamhusu yeye kuliko ninyi. Udongo upimwe: chimba shimo, jaza maji, angalia yanazama kwa kasi gani.

Nyumba yenyewe iwe ya chini, bila ngazi ndani. Milango iwe na uwazi wa sentimita 90, kiti cha magurudumu kipite. Mlangoni wekeni mteremko mpole wa 1 kwa 12, yaani sakafu ikiwa juu ya ardhi kwa sentimita 30, njia iwe na urefu wa mita 3.6. Bafuni, kuta zijengwe imara sehemu za kufunga vyuma vya kushikilia, hata kama hamvifungi leo. Kubomoa baadaye ni ghali kuliko kuandaa sasa.

Nesi wa Zamu

Na sakafu ya bafu isiteleze, na taa iwepo kati ya kitanda na choo. Wazee wengi wanaovunjika nyonga wameangukia ndani ya nyumba zao wenyewe.

Mwalimu Mstaafu

Nimerudi kuwapa habari. Nimezungumza na binti yangu tukiwa wawili. Alinyamaza kidogo, kisha akasema anatutaka sana, lakini alikuwa anaogopa tutamtegemea yeye kwa kila safari ya hospitali. Tumelia kidogo, tumeelewana. Kuhusu ardhi, nilipomtajia mkwe habari ya kupima, yeye mwenyewe alikuwa ameshaifikiria na alikuwa anaona haya kuanza. Shamba halina rehani. Kijana wetu naye ameshaambiwa na ametuomba tukautazame mji wake pia.

Mume wangu amekubali tupange nyumba kule kuanzia mvua zijazo. Nyumba ya mjini hatuiuzi kwa sasa, mdogo wangu ataisimamia.

Nina swali moja kwa Mpima Mipaka. Habari ya hati tuianze sasa, au tusubiri tumalize kupanga?

Mpima Mipaka

Anzeni sasa yale yasiyowafunga: mthibitishe jina lililo kwenye hati ya shamba, muulize ofisi ya ardhi kama linaruhusiwa kumegwa, na mpimaji aje aone mipaka na njia. Hayo huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, na majibu yake yanaweza kubadilisha mpango wote. Saini na fedha ya ujenzi visubiri. Na binti yako awe mezani siku zote mnapozungumza na mumewe, maana hilo shamba ni maisha yake pia.